Robert Van Lierop

Robert Van Lierop (alizaliwa New York, 17 Machi 1939) ni mwongozaji wa filamu, mpigapicha, mwanasheria na mwanadiplomasia kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa filamu ya hali halisi A Luta Continua (1972), iliyopigwa mwaka 1971 katika maeneo ya kaskazini mwa Msumbiji yaliyokuwa chini ya FRELIMO wakati wa vita vya ukombozi dhidi ya Ureno. Baada ya uhuru wa Msumbiji aliongoza filamu ya pili, O Povo Organizado. Kuanzia miaka ya 1980 aliiwakilisha nchi ya Vanuatu katika Umoja wa Mataifa, na alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Muungano wa Nchi za Visiwa Vidogo (AOSIS).

Filamu alizoongoza ni chache, wala hazikutengenezwa kwa ajili ya majumba makubwa ya sinema. Zilionyeshwa makanisani, vyuoni, katika kumbi za vyama vya wafanyakazi na kwenye mikutano ya hadhara. Hata hivyo ziliwafanya Wamarekani wengi, hasa Wamarekani Weusi, kuvijua vita vilivyopiganwa kutoka kusini mwa Tanzania, ambako kambi ya Nachingwea ilikuwa kituo kikuu cha mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO.

Maisha ya awali na kazi ya sheria

Van Lierop alizaliwa na kukulia New York. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Hofstra, kisha akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha New York na kuhitimu mwaka 1967.

Baada ya masomo alijiunga na idara ya sheria ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani Weusi. Idara hiyo iliongozwa na wakili Robert L. Carter, aliyekuwa ameshiriki katika kesi zilizovunja ubaguzi wa rangi shuleni. Mwaka 1968 mmoja wa mawakili wa idara, Lewis Steel, aliandika katika jarida la gazeti la New York Times makala iliyoikosoa Mahakama Kuu ya Marekani kwa msimamo wake kuhusu usawa wa rangi. Uongozi wa chama ulimfukuza kazi, na Carter pamoja na mawakili wake wakajiuzulu kwa kumuunga mkono. Van Lierop aliendelea na uwakili nje ya chama hicho.

Miaka hiyo vijana wengi wa harakati za haki za raia walikuwa wanatazama mbali zaidi ya mipaka ya Marekani. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, Martin Luther King aliuawa Aprili 1968, na nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimepata uhuru. Kusini mwa bara, Angola, Msumbiji, Rhodesia, Namibia na Afrika Kusini zilikuwa bado chini ya utawala wa kikoloni au wa Wazungu wachache.

Dar es Salaam na FRELIMO

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Van Lierop alifika Tanzania na kukutana na watu wa FRELIMO. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa makao ya harakati nyingi za ukombozi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na ofisi zake mjini humo tangu mwaka 1963, na vyama kutoka Msumbiji, Angola, Afrika Kusini, Namibia na Rhodesia vilikuwa na wawakilishi wao huko.

FRELIMO yenyewe iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu: UDENAMO, MANU na UNAMI. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, alikuwa ameishi miaka mingi Marekani na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Vita vya silaha vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Mwaka 1970 Samora Machel akawa rais wa chama.

Kwa FRELIMO, habari zilikuwa sehemu ya vita. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, na serikali yake iliiambia dunia kwamba Msumbiji ni mkoa wa Ureno wa ng'ambo wenye utulivu, unaosumbuliwa na magaidi wachache wanaovuka kutoka Tanzania. Waandishi wa habari waliofika Lourenço Marques (leo Maputo) walionyeshwa yale yaliyotakiwa na wakoloni. Anayetaka kuona upande wa pili alilazimika kupita Tanzania, kuvuka mto Ruvuma na kutembea kwa miguu.

Nachingwea na Ruangwa wakati wa vita

Nachingwea iko katika Mkoa wa Lindi. Wakati wa vita vya Msumbiji eneo la Ruangwa lilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Nachingwea. Lilikuja kuwa wilaya ya pekee katika miaka ya 1990. Wenyeji wengi wa sehemu hizo ni Wamwera, na kuelekea kusini wako Wamakua, Wayao na Wamakonde, ambao ndugu zao wanaishi pia ng'ambo ya Ruvuma. Mpaka uliochorwa na wakoloni haukuwatenganisha kabisa watu wa pande mbili.

Mji wa Nachingwea ulikua kutokana na mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947. Msitu mkubwa ulifyekwa kwa matrekta, uwanja wa ndege ukajengwa, na reli ikatandikwa kutoka pwani ya Mtwara. Mpango huo ulishindwa na kuachwa mwaka 1951. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa. Yaliyobaki ni mashamba makubwa, barabara, majengo na uwanja wa ndege, mbali na miji mikubwa lakini si mbali mno na mpaka.

Mazingira hayo yalifaa kwa kambi. FRELIMO ilianza kufundisha wapiganaji wake Kongwa, katika eneo jingine lililokuwa la mpango wa karanga, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 Nachingwea ikawa kituo chake kikuu cha mafunzo ya kijeshi na kisiasa. Samora Machel, aliyekuwa mkuu wa ulinzi wa FRELIMO tangu mwaka 1966, alikuwa kiongozi wa shughuli hizo. Wakufunzi kutoka China walisaidia katika mafunzo. Wanafunzi walilima chakula chao, walifundishana kusoma na kuandika, na watu wa makabila mbalimbali ya Msumbiji walijifunza kuishi na kufanya kazi pamoja. Mwaka 1967 FRELIMO iliunda kikosi cha wanawake, na wasichana wakapata mafunzo ya silaha kama wavulana.

Kutoka Nachingwea wapiganaji walielekea mpakani, na silaha, dawa, nguo na vitabu vilifuata njia hizohizo. Mtwara palikuwa na hospitali ya FRELIMO, na Tunduru na Bagamoyo palikuwa na shule. Wananchi wa mikoa ya kusini walibeba sehemu ya gharama ya vita. Waliwapokea wakimbizi kwa maelfu, na vijiji vya mpakani vilikuwa katika hatari ya ndege na mabomu ya Wareno.

Safari ya mwaka 1971

Mwaka 1971 Van Lierop alirudi Tanzania kwa ajili ya kupiga filamu ndani ya Msumbiji. Alifuatana na Robert Fletcher, mpigapicha Mmarekani Mweusi aliyekuwa amefanya kazi na SNCC, chama cha wanafunzi kilichopigania haki za raia katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Fletcher alishika kamera, na Van Lierop aliongoza na kutayarisha. Hii ilikuwa filamu ya kwanza kwa Van Lierop.

Aliyefuatana nao pia ni Owusu Sadaukai (Howard Fuller), mkuu wa Chuo Kikuu cha Ukombozi cha Malcolm X kilichokuwa jimbo la North Carolina. Sadaukai hakwenda kwa ajili ya filamu, lakini safari yake ilikuwa na matokeo makubwa kama filamu yenyewe.

Hali ya vita ilikuwa ngumu. Mwaka uliotangulia Jenerali Kaúlza de Arriaga, kamanda wa majeshi ya Ureno huko Msumbiji, alikuwa ameongoza shambulio kubwa katika nyanda za juu za Mueda, jimbo la Cabo Delgado, akitumia ndege, helikopta na maelfu ya askari ili kuvunja kambi za FRELIMO na kuziba njia za kutoka Tanzania. Ureno ilitangaza ushindi. FRELIMO ilijibu kwa kuongeza vita katika jimbo la Tete, mbali na mpaka wa Tanzania. Kwa hiyo wageni walioingia mwaka 1971 na kuonyesha kwamba maeneo ya kaskazini bado yalikuwa na shule, mashamba na zahanati za FRELIMO walikuwa wanakanusha tangazo la Wareno kwa macho yao.

Katika maeneo hayo hapakuwa na magari wala umeme. Kila kitu kilichoingia kilibebwa na watu kichwani au mgongoni, na misafara ilitembea kwa kujihadhari na ndege. Wageni walikuwa mzigo pia: walihitaji walinzi, wabebaji na chakula, vitu ambavyo vingeweza kutumika vitani. FRELIMO iliwakubali kwa sababu iliona kwamba picha zao zingekuwa na kazi.

Sadaukai alieleza baadaye kwamba aliwauliza wapiganaji kama Wamarekani Weusi waje kupigana pamoja nao. Jibu alilopewa ni kwamba msaada mkubwa zaidi ungekuwa kurudi nyumbani na kuibana serikali ya Marekani, iliyokuwa ikiisaidia Ureno. Filamu ya Van Lierop ilifuata njia hiyohiyo.

A Luta Continua

Yaliyomo

A Luta Continua ilikamilika mwaka 1972. Ni filamu ya rangi yenye urefu wa zaidi ya nusu saa. Jina lake ni maneno ya Kireno yenye maana ya "mapambano yanaendelea", kaulimbiu iliyotumiwa na FRELIMO.

Filamu ina sehemu mbili za hoja. Ya kwanza inaeleza ukoloni wa Ureno: kazi za kulazimishwa, ukosefu wa elimu, na faida waliyopata wageni kutokana na ardhi na nguvu kazi ya Msumbiji. Inaonyesha pia jinsi nchi moja maskini ya Ulaya ilivyoweza kupigana vita vitatu kwa wakati mmoja, katika Angola, Guinea-Bisau na Msumbiji, kwa msaada wa washirika wake wa NATO na makampuni ya nchi za Magharibi.

Sehemu ya pili inaingia katika maeneo yaliyokombolewa. Wapiganaji wanaonekana, lakini muda mwingi umetolewa kwa maisha ya kawaida: watu wakilima mashamba ya pamoja, watoto wakisoma chini ya miti, wagonjwa wakitibiwa, wanawake wakishiriki katika kazi na katika ulinzi. Mtazamaji aliyetarajia kuona vita peke yake anakutana na nchi inayojengwa kabla ya uhuru wake kutangazwa.

Msimamo wa FRELIMO kuhusu adui ni jambo jingine linalojitokeza. Chama hicho kilisema kwamba kinapigana na mfumo wa ukoloni, si na watu wa Ureno wala na rangi yao. Kwa watazamaji wa Marekani wa mwaka 1972, ambao wengi wao walikuwa wakijadiliana vikali kama tatizo lao ni rangi, tabaka au yote mawili, msimamo huo ulizua mjadala. Mjadala kama huo ulitawala pia Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwezi Juni 1974.

Usambazaji

Vituo vikubwa vya televisheni na majumba ya sinema ya Marekani havikuwa njia ya filamu kama hii. A Luta Continua ilizunguka kwa nakala za filamu na projekta za kubebeka. Kikundi cha wanafunzi, kanisa au chama cha wafanyakazi kiliazima nakala, kikaonyesha, kisha watu wakabaki kuzungumza. Mara nyingi mzungumzaji aliyefahamu mambo ya Afrika alikuwapo kujibu maswali, na mchango ulikusanywa.

Wakati wake ulisaidia. Mwezi Desemba 1971 serikali ya Rais Richard Nixon ilifanya mapatano na Ureno kuhusu kuendelea kutumia kambi ya ndege ya visiwa vya Azores, na Ureno ikaahidiwa mikopo na misaada mikubwa. Wapinzani wa mapatano hayo waliona kwamba fedha za Marekani zilikuwa zinaiwezesha Ureno kuendelea na vita Afrika. Wengine walikuwa wanasusia mafuta ya kampuni ya Gulf, iliyochimba mafuta Cabinda nchini Angola na kuilipa kodi serikali ya kikoloni. Filamu iliwapa watu hao kitu cha kuonyesha.

Owusu Sadaukai naye aliporudi alishiriki kuandaa Siku ya Ukombozi wa Afrika tarehe 27 Mei 1972. Maelfu ya watu waliandamana Washington, na maandamano mengine yakafanyika katika miji mingine ya Amerika Kaskazini. Kutokana na maandamano hayo iliundwa kamati ya kudumu ya kuunga mkono ukombozi wa Afrika, iliyochangisha fedha kwa ajili ya harakati za ukombozi. Filamu ya Van Lierop ilikuwa miongoni mwa vyombo vya elimu vilivyotumiwa na kizazi hicho cha wanaharakati.

Kaulimbiu

Maneno a luta continua hayakubuniwa na Van Lierop, lakini filamu yake ilichangia kuyaeneza katika nchi zisizozungumza Kireno. Miriam Makeba aliimba wimbo wenye jina hilohilo. Baadaye maneno hayo yalisikika katika mikutano ya wanafunzi na vyama vya wafanyakazi Afrika Kusini, Nigeria, Uganda, Kenya na kwingineko, mara nyingi kwa watu wasiojua yalikotoka.

Africa Information Service

Van Lierop alikuwa mmoja wa watu walioanzisha Africa Information Service, ofisi ndogo ya New York iliyotoa habari na maelezo kuhusu harakati za ukombozi wa Afrika kwa ajili ya Wamarekani Weusi na watu wengine wa Amerika. Kwa waanzilishi wake, filamu bila maandishi na mikutano ilikuwa kazi nusu.

Mwezi Oktoba 1972 Amílcar Cabral, kiongozi wa chama cha PAIGC cha Guinea-Bisau na Cabo Verde, alifika New York kwa shughuli za Umoja wa Mataifa. Aliomba kukutana na Wamarekani Weusi katika mazungumzo yasiyo rasmi. Africa Information Service iliitisha mkutano huo kwa muda mfupi sana, na zaidi ya watu 120 kutoka mashirika mbalimbali walihudhuria. Cabral aliuawa Conakry miezi mitatu baadaye, tarehe 20 Januari 1973. Mazungumzo yale, pamoja na hotuba zake nyingine, yalichapishwa mwaka 1973 katika kitabu Return to the Source, kilichohaririwa na Africa Information Service. Kitabu hicho kimesomwa vyuoni duniani kote.

O Povo Organizado

Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika, walipindua serikali yao huko Lisbon. Mapatano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba 1974 yaliweka njia ya uhuru wa Msumbiji. Mwezi Mei 1975 Samora Machel aliondoka Tanzania kuanza safari ya ushindi kutoka Ruvuma hadi Maputo, akihutubia umati wa watu katika kila jimbo. Uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975.

Van Lierop alirudi Msumbiji katika kipindi hicho na kutengeneza O Povo Organizado, maneno ya Kireno yenye maana ya "wananchi waliojipanga". Filamu hii inaonyesha nchi mpya ikianza kujitawala. Wareno wengi walikuwa wameondoka, na pamoja nao mafundi, madaktari na waalimu. Sehemu kubwa ya wananchi hawakujua kusoma. Swali la filamu ya kwanza lilikuwa namna ya kushinda vita. Swali la filamu ya pili ni kama mafunzo yaliyopatikana katika maeneo yaliyokombolewa yanaweza kutumika katika nchi nzima, mijini na viwandani.

Filamu ya pili haikupata umaarufu kama ya kwanza. Watazamaji wengi wa Marekani walikuwa wamehamishia macho yao Angola, Soweto na Rhodesia.

Nafasi yake kati ya waongozaji wengine

Van Lierop hakuwa mgeni wa kwanza wala wa pekee kuipiga filamu FRELIMO. Dragutin Popović kutoka Yugoslavia alifanya kazi na chama hicho tangu miaka ya 1960, na mwaka 1975 aliifuata safari ya Samora Machel kutoka Ruvuma hadi Maputo. Mwingereza Margaret Dickinson alitengeneza Behind the Lines (1971). Kutoka mji wa Reggio Emilia nchini Italia, uliokuwa na uhusiano wa karibu na FRELIMO, alikuja Franco Cigarini.

Kilichomtofautisha Van Lierop ni watu aliowalenga. Alikuwa Mmarekani Mweusi aliyewapelekea Wamarekani Weusi picha za Waafrika wanaojiendesha wenyewe, katika wakati ambapo filamu nyingi za Hollywood zilimwonyesha Mwafrika kama mbeba mizigo wa Mzungu au kama mshenzi wa msituni.

Msumbiji yenyewe ilianzisha taasisi ya taifa ya filamu mara baada ya uhuru. Filamu Mueda, Memória e Massacre (1979) ya Ruy Guerra, inayohusu mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, ni miongoni mwa kazi maarufu za kipindi hicho.

Mambo yasiyoonekana katika filamu

A Luta Continua ilitengenezwa kwa ushirikiano na FRELIMO na kwa lengo la kuiunga mkono. Haichunguzi migogoro iliyokuwa ndani ya chama. Kati ya mwaka 1968 na 1970 FRELIMO ilipasuka kuhusu uongozi, ukabila, elimu na mustakabali wa uchumi. Lazaro Nkavandame, kiongozi wa Cabo Delgado, alikwenda upande wa Wareno mwaka 1969. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais, aliondolewa katika uongozi baada ya kifo cha Mondlane.

Mwisho wa mgogoro huo ulifanyika Nachingwea. Mwaka 1975, wiki chache kabla ya uhuru, Simango, Nkavandame, Joana Simeão na wengine walionyeshwa hadharani kambini mbele ya wapiganaji na wageni, na Simango akasoma maungamo marefu. Baadaye waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Kwa sababu hiyo jina la Nachingwea linakumbukwa kwa namna mbili nchini Msumbiji: kwa wengi ni shule ya umoja wa taifa, na kwa familia za waliouawa ni mahali walipohukumiwa ndugu zao.

Kwa hiyo wanahistoria huitumia filamu ya Van Lierop kwa uangalifu. Ni ushahidi wa thamani kuhusu maeneo yaliyokombolewa na kuhusu namna FRELIMO ilivyotaka kuonekana. Si historia kamili ya chama.

Umoja wa Mataifa

Vanuatu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ilipata uhuru mwaka 1980 na kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 1981. Chini ya waziri mkuu Walter Lini ilikuwa na msimamo mkali dhidi ya ukoloni, ikiwatetea wananchi wa Timor ya Mashariki na Kaledonia Mpya. Nchi hiyo ndogo ilimteua Van Lierop, raia wa Marekani, kuwa mwakilishi wake New York, kazi aliyoifanya hadi miaka ya 1990.

Mwaka 1990 nchi za visiwa na za pwani zilizo chini ziliunda AOSIS ili ziwe na sauti moja kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Van Lierop akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Shelisheli, Komoro na Morisi, visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyo jirani na Afrika ya Mashariki, ni wanachama wa muungano huo. Katika majadiliano yaliyozaa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, alikuwa mwenyekiti mwenza wa mojawapo ya vikundi viwili vya kazi, pamoja na Elizabeth Dowdeswell wa Kanada.

Mwaka 1991 Vanuatu, kwa niaba ya AOSIS, ilipendekeza mfuko wa bima wa kimataifa. Nchi zenye viwanda zingeuchangia, na nchi ambazo ardhi yake inamezwa na bahari zingelipwa fidia. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Wazo lake liliendelea kujadiliwa kwa miaka 30, na mwaka 2022 mkutano wa Sharm el-Sheikh nchini Misri ulikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu.

Urithi

Kazi za Van Lierop katika filamu na katika diplomasia zina mambo yanayofanana. Katika zote mbili alisimama upande wa nchi zisizo na nguvu ya kijeshi wala ya fedha, na alitumia njia ileile: kuwaeleza wakubwa, nyumbani kwao, madhara ya matendo yao kwa watu walio mbali.

A Luta Continua inaendelea kuonyeshwa katika vyuo na matamasha, na ni miongoni mwa kumbukumbu za picha za miaka ambayo kusini mwa Tanzania palikuwa nyuma ya uwanja wa vita. Kwa wanafunzi wa Lindi na Mtwara inaonyesha upande wa pili wa habari wanazozisikia kwa wazee wao: yale yaliyokuwa yakifanyika ng'ambo ya Ruvuma baada ya wapiganaji kuondoka Nachingwea.

Filamu alizoongoza

A Luta Continua (1972)
O Povo Organizado (miaka ya 1970, baada ya uhuru wa Msumbiji)